Profesa wa Famasi na Safari ya Kidonge Hadi Ziba

Kidonge cha malaria kinachouzwa katika kata ya Ziba, wilayani Igunga, mkoani Tabora, kimepita mikononi mwa wataalamu ambao mnunuzi hatawaona. Yupo aliyemfundisha mfamasia, yupo aliyepima ubora wa kidonge chenyewe, na yupo aliyetunga kanuni ya duka linalokiuza. Nchini Tanzania kazi hizo tatu zimeegemea kwa kiasi kikubwa kundi moja dogo la watu: wahadhiri na maprofesa wa famasi.

Chimbuko lao ni Muhimbili. Chuo cha tiba kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963 kilianza kufundisha shahada ya famasi mwaka 1974, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Miongoni mwa walimu wake ni Profesa Appolinary Kamuhabwa, mfamasia aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, akarejea kufundisha, na baadaye akawa Makamu Mkuu wa chuo hicho. Mfamasia kufikia ngazi hiyo katika chuo kilichoanza kwa kufundisha madaktari si jambo dogo.

Umuhimu wa mwalimu wa namna hiyo kwa mwananchi wa kawaida unaonekana zaidi katika maabara. Mwaka 2001 Tanzania iliacha klorokwini na kuanza kutumia dawa ya mseto wa sulfadoksini na pirimethamini, maarufu kama SP, kutibu malaria. Mwaka 2003 Omary Minzi wa Muhimbili, ambaye baadaye alikuwa profesa, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu ubora wa vidonge vya SP na amodiakwini vilivyouzwa na famasi za jumla jijini Dar es Salaam. Baadhi ya vidonge havikufaulu kipimo cha kuyeyuka.

Kasoro hiyo haionekani kwa macho. Kidonge kinaweza kuwa na kiasi sahihi cha dawa, kikafungwa vizuri na kuwa ndani ya muda wa matumizi, lakini kisipoyeyuka tumboni dawa haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Mgonjwa hubaki na homa, na vimelea vinavyokutana na dawa hafifu hupata nafasi ya kujenga usugu. Katika mkoa wenye malaria kama Tabora, gharama yake hulipwa na watoto kwanza. Dawa mseto ya ALu ilichukua nafasi ya SP kama tiba ya kwanza kuanzia mwaka 2006.

Mwaka huohuo wa 2003 usimamizi wa dawa nao ulibadilika. Bodi ya Famasi, iliyokuwa ikifanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1978, iliunganishwa na Tume ya Taifa ya Udhibiti wa Chakula, ikazaliwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Mkurugenzi Mkuu wake wa kwanza alikuwa mfamasia, Margareth Ndomondo-Sigonda. Desemba 2018 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa mfumo wa Tanzania umefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, wa kwanza Afrika. Mwaka 2019 masuala ya chakula yalihamishiwa Shirika la Viwango, na mamlaka ikawa TMDA.

Hata hivyo, vijijini mabadiliko yaliyogusa watu wengi zaidi yalikuwa ya maduka. Duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini mengi yaliuza hata zilizokatazwa, kwa kuwa famasi kamili ilikuwa mbali. Badala ya kuendelea kuyafunga, serikali ilijaribu njia nyingine mkoani Ruvuma mwaka 2003: duka la dawa muhimu, lenye mtoa dawa aliyepata mafunzo, ukaguzi, na ruhusa ya kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwemo baadhi ya antibiotiki. Mpango huo ulienezwa nchini kote. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ililipa Baraza la Famasi dhamana ya kusimamia taaluma hiyo.

Taaluma ikiwa na wataalamu wachache, anayefundisha huweza kuitwa pia kushauri msimamizi, na kesho yake msimamizi huyo akamkagua mwanafunzi wake wa zamani. Ndiyo maana vibali na adhabu huamuliwa na vyombo vya kisheria, si na mwalimu mmoja.

Tabora leo ina ofisi ya TMDA ya Kanda ya Magharibi pamoja na ghala la kanda la Bohari ya Dawa. Mnunuzi wa Ziba anayo haki ya kuona kibali cha duka kikiwa kimebandikwa, kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuelezwa namna ya kutumia dawa. Akiwa na shaka, asitupe pakiti. Aipeleke kituo cha afya au kwa mfamasia wa halmashauri, kwa kuwa namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ndiyo inayowezesha dawa hiyo kufuatiliwa na kuondolewa sokoni.