Mke na Mume katika Televisheni: Habari ya Tunduma

Ilhali Unguja ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973, Tanzania Bara iliendelea na redio peke yake hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo kutoka Dar es Salaam; na baadaye michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole ikazoeleka majumbani. Katika michezo ya namna hiyo, aghalabu mume huketi sebuleni akingoja chakula, mke hutoka jikoni na sinia, na ashiki, ambayo kwa mwanamume huhesabiwa udhaifu wa kusamehewa, kwa mwanamke huwa alama ya hawara mvunja nyumba.

Lakini Tunduma, mji unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambao tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe, wanawake huuza mchele na vitenge, huhesabu kwacha na shilingi kwa kidole kimoja, na kulipa karo za watoto. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha kumnyima mume haki ya kumpiga mkewe. Basi tamthilia isiyomtambua mke huyu haijaisawiri familia yetu kwa insafu.