Je, Hao Nao ni Wana wa Adamu?



Jumapili moja baada ya ibada, kijana wa kidato cha tatu alitusubiri nje ya kanisa akiwa na picha mkononi. Katika picha hiyo mtu amesimama, amevaa mavazi ya askari wa Kirumi, ameshika msalaba, na juu ya mabega yake kipo kichwa cha mbwa. Nyuma ya kichwa hicho kuna duara ya dhahabu, kama wanavyochorwa watakatifu. Kijana akatuuliza, “Pasta, huyu ni pepo au ni mtakatifu?” Wazee wawili waliokuwa karibu walitazama wakatikisa vichwa, na mmoja akasema picha hiyo ichomwe moto.

Hatukuichoma. Twajua kwamba wengi wetu, tukiona kichwa cha mnyama juu ya mwili wa mtu, mara moja twafikiri habari za majini na mazimwi ya hadithi za bibi zetu. Lakini nabii Ezekieli aliona viumbe hai wenye nyuso za simba, ng’ombe na tai, na Yohana naye aliwaona viumbe wa namna hiyo kando ya kiti cha enzi. Basi sura peke yake haitoshi kutuambia jambo limetoka wapi. Tulimwambia kijana yule kwamba huyo ni Kristofa, shahidi wa imani, jinsi Wakristo wengine wa Mashariki walivyozoea kumchora. Kisha tukamwahidi kwamba tutaieleza habari hiyo hapa redioni, maana ni ndefu.

Hadithi ya kale ya Kigiriki yasema kwamba mtu huyo hapo kwanza aliitwa Reprebo, naye alitoka katika taifa la watu wenye vichwa vya mbwa, wala nyama za watu. Alitekwa vitani akatiwa katika kikosi cha Wamarmarita, yaani watu wa nchi iliyo kati ya Misri na Libya. Hakuweza kusema lugha ya watu mpaka Mungu alipompa kusema. Akamkiri Kristo, akauawa siku za Kaisari Decius, aliyetawala tangu 249 hata 251. Sisi Waprotestanti hatujengi imani juu ya hadithi hii. Hata Kanisa la Roma mwaka 1969 liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya Kanisa zima, na huko Urusi Sinodi Takatifu ilikataza mwaka 1722 kumchora kwa kichwa cha mbwa. Wataalamu wengine hudhani kosa la mwandishi lilisaidia kuikuza: neno la Kilatini la Mkanaani na neno la mtu wa kimbwa hutofautiana kidogo sana. Mkanaani! Likumbukeni neno hilo.

Lakini taifa lenyewe la vichwa vya mbwa lilitoka wapi? Lilikuwako vitabuni kabla ya Kristo kuzaliwa. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 K.K., aliliweka magharibi mwa Libya. Baada yake Ctesias, tabibu katika nyumba ya mfalme wa Uajemi, aliliweka katika milima ya India, akataja na hesabu yao, watu 120,000. Alisema hawana maneno ila kubweka, lakini wanaielewa lugha ya Wahindi. Hupeleka matunda makavu na rangi ya zambarau, nao hupata unga, nguo za pamba na silaha. Tena akasema ni watu wa haki. Ni ajabu kwamba mwandishi huyu mpagani aliwapa haki watu ambao hakuwaona kamwe.

Huenda nyani walichangia hadithi hizi. Hata leo wataalamu wa wanyama humwita nyani wa manjano, yule wa pwani yetu na Tsavo, kwa jina la Kigiriki lenye maana ya kichwa cha mbwa. Na nyani mwenzake wa nyanda za juu wamempa jina la Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha mbweha. Mkulima wa Taita aliyevunwa mahindi yake mchana hahitaji Kigiriki ili amjue mwizi wake.

Basi tuje kwa Kanisa. Wa kwanza kulipima jambo hili kwa uangalifu alikuwa Mwafrika, Agostino askofu wa Hippo, katika kitabu chake cha Mji wa Mungu alichokianza mwaka 413. Kule Carthage, uwanja wa kando ya bahari ulikuwa na michoro ya vijiwe vya rangi, na hao watu wa ajabu walichorwa humo. Watu wakipita wakiwatazama. Agostino hakuwa mwepesi wa kuamini. Juu ya wenye vichwa vya mbwa alisema kubweka kwao kwaonyesha kwamba ni wanyama, wala si lazima kuamini kwamba wako. Lakini aliweka kanuni: yeyote azaliwaye mtu, yaani kiumbe mwenye akili na mwenye kufa, hata akiwa na umbo, rangi au sauti ngeni namna gani, huyo ametoka kwa Adamu. Akatoa mfano wa jirani. Katika mji mwingine ulioitwa Hippo, ule wa Zaritus, alikuwako mtu ambaye mikono yake na miguu yake ilikuwa na vidole viwili viwili tu. Agostino aliuliza ni nani atakayesema kwamba Muumba alikosea kuhesabu.

Zaidi ya miaka 400 ikapita. Katika karne ya 9 kasisi Rimbert, mwanafunzi wa Ansgar yule mhubiri wa Wadenmarki na Waswidi, alimwandikia mtawa wa Corbie katika Ufaransa, jina lake Ratramnus. Aliuliza hivi: wale wenye vichwa vya mbwa, je, ni wa uzao wa Adamu au ni wanyama? Kwa watu wa zamani hizo viumbe hao walidhaniwa kukaa pembezoni mwa dunia, na Rimbert kazi yake ilielekea pembezoni. Kwa mhubiri swali hilo si mchezo. Mnyama hahubiriwi wala habatizwi. Mtu akiachwa bila kuhubiriwa, aliyemwacha atajibu mbele za Mungu.

Ratramnus hakuwa mtu wa kubahatisha, na sisi Waanglikana tuna deni kwake. Kitabu chake juu ya Meza ya Bwana ndicho kilichomgeuza fikira Nicholas Ridley, aliyechomwa moto Oxford tarehe 16 Oktoba 1555. Katika barua yake kwa Rimbert alikiri kwamba wakitazamwa vichwa na kusikiwa kubweka kwao, walimu wengi wa Kanisa wangewahesabu kuwa wanyama. Lakini Rimbert alikuwa amempelekea habari za maisha yao, naye akazichukua moja moja. Wanakaa vijijini pamoja. Basi wana sheria, maana hakuna kijiji pasipo mapatano. Wanalima, basi wana ujuzi. Wanafunika uchi wao, tena kwa nguo, si kwa ngozi tu; basi wana haya, na haya haiko pasipo akili inayojua lipi la heshima na lipi la aibu. Wanafuga wanyama, na mnyama, akasema, hawezi kumfuga mnyama mwenzake. Akaongeza na habari za Kristofa, ambaye husemwa alibatizwa kwa mvua ya wingu lililotumwa na Mungu. Akahukumu kwamba hao ni wana wa Adamu.

Alikosea. Watu hao hawakuwako India, wala Libya, wala kaskazini. Hata hivyo twaona kwamba kosa lake lilikuwa la habari alizoletewa, na katika hukumu yenyewe alisimama mahali pa haki. Hakuuliza kama sura zao zafanana na yake. Aliuliza wanaishije wao kwa wao. Na ilipokuwa kuchagua kati ya kumnyima mtu Injili na kumpa asiyejulikana heshima ya Adamu, alichagua la pili. Wasikilizaji, tungeletewa sisi barua ya Rimbert, tungejibuje?

Juu ya mlango wa kanisa la Vézelay, Ufaransa, kuna mchongo wa mawe wa karne ya 12. Kristo ameketi katikati, miali yatoka mikononi mwake kwenda juu ya mitume, na pembeni wamechongwa mataifa ya dunia wanaopelekewa habari njema. Miongoni mwao wapo wenye vichwa vya mbwa. Na kaskazini ile aliyoihangaikia Rimbert, kutoka Uswidi, alikuja Bengt Sundkler akawa askofu wa Kilutheri wa Bukoba mwaka 1961. Wale wa pembezoni walipofikiwa, walikuja wakatufikia sisi.

Lakini hata Afrika iliwekwa pembezoni. Katika Kanisa Kuu la Hereford, Uingereza, iko ramani ya dunia iliyochorwa karibu na mwaka 1300, na ukingo wa kusini wa Afrika umejaa watu wasio na vichwa, wenye macho kifuani, na wengine wenye mguu mmoja. Ni sisi hao! Tusicheke sana, kwa maana nasi twajua kuchora ramani za namna hiyo kwa midomo yetu. Kuna mtaa tunaosema wakaaji wake ni mbwa. Katika Rwanda mwaka 1994 redio, chombo kama hiki tunachotumia asubuhi hii, iliwaita watu mende, na baadaye majirani, nao wengi wao wamebatizwa, wakachukua mapanga. Hapa kwetu, kabla ya damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007, wako waliowaita majirani madoadoa.

Yule mama Mkanaani wa Mathayo 15 alisikia neno la mbwa katika mazungumzo yake na Bwana. Hakuondoka. Alishika neno hilo hilo akaomba makombo ya mezani, na Bwana akaisifu imani yake kuwa kubwa, na binti yake akapona saa ile. Wanafunzi ndio waliotaka afukuzwe.

Nasi tulikuwa kati ya wanafunzi hao. Miaka 18 iliyopita, tukiwa tumetoka chuo cha theologia si zamani, tulikwenda katika nyumba moja kuandikisha watoto watatu kwa ubatizo. Tulipokwisha kunywa chai tulisikia sauti katika chumba cha nyuma, tukauliza kama wamefunga mbuzi ndani. Baba wa nyumba alinyamaza. Mama akasema, “Ni mtoto, Pasta.” Alikuwa mvulana wa miaka 6, hawezi kutembea, hasemi, na kichwa chake ni kikubwa kupita mwili. Mama akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto wa namna hiyo naye hubatizwa. Tulikuwa tumemsoma Agostino na kufaulu mtihani. Tukasema tutawauliza wakubwa.

Tulikwenda kwa Kanoni mmoja mzee, tukamweleza mambo kwa urefu, habari za ufahamu na ungamo la imani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Ndugu, jina lake nani?” Hatukuwa tumeuliza. Akasema, “Rudi ukaulize, halafu uje uniambie ni siku gani, nami nitakuja.”

Jina lake lilikuwa Zakayo. Jumapili ile mama alimbeba mwenyewe mpaka mbele, Kanoni akiwa ameketi kando yetu kwa sababu ya magoti yake. Maji yalipomgusa mtoto kichwani alipiga kelele kubwa isiyo neno, ikajaa kanisa zima, na katika viti vya nyuma watu wakaanza kugeukiana. Kanoni akainuka kwa fimbo yake, akaitikia kwa sauti, “Amina.”