Somo la Historia: Muziki Juu ya Mto, London, 1717

Kabla hatujaanza, someni tarehe iliyo ubaoni: 17 Julai 1717. Kama mwalimu wenu hajaiandika, na aiandike sasa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na usiku wake watu wa London walisikiliza muziki mahali pasipo ukumbi wala viti: katikati ya mto.

Mto wenyewe ni Thames. Mfalme wa Uingereza wakati ule alikuwa George wa Kwanza. Hakuzaliwa Uingereza, alitoka Hanover, katika nchi ya Wajerumani, akapata ufalme mwaka 1714. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na si watu wote waliompenda. Mwaka 1715 baadhi yao walishika silaha ili wamwondoe, wakashindwa. Mfalme wa namna hiyo ana haja ya kuonekana na watu wake, na mtoni angeweza kuonekana na wengi kwa mara moja.

Saa mbili ya usiku Mfalme alipanda mashua kubwa iliyo wazi, pale Whitehall, akaelekea Chelsea, upande wa juu wa mto. Wakubwa walimfuata kwa mashua zao. Watu wengine nao walikuja na vyombo vyao, hata gazeti likaandika kwamba mto mzima ulikuwa kama umefunikwa. Karibu na Mfalme ilikwenda mashua ya wapiga muziki. Walikuwa 50, wenye tarumbeta, baragumu za wawindaji, zumari, filimbi, fidla, na fidla kubwa za sauti nzito. Mwimbaji hakuwapo hata mmoja.

Hapa tufikiri kidogo. Ndani ya nyumba, kuta hurudisha sauti kwa wasikilizaji. Mtoni hakuna kuta, na sauti ya fidla huchukuliwa na upepo. Ndiyo maana tarumbeta na baragumu zilifaa sana, kwa kuwa sauti yake hufika mbali. Na makasia je? Si yangepiga kelele? Sikilizeni basi. London iko mbali na pwani, lakini Thames hujaa na kupwa kama bahari. Usiku ule maji yalikuwa yakijaa, na mkondo ukazichukua mashua mpaka Chelsea bila mtu kupiga kasia. Wenzetu wa pwani watalifahamu jambo hili upesi.

Aliyeutunga muziki ule ni George Frideric Handel, aliyezaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Mfalme alipendezwa nao hata akaamuru upigwe mara tatu, na kila mara ulichukua kama saa nzima. Saa tano akashuka Chelsea kula chakula, na huko pia palikuwa na muziki hadi saa nane. Kisha akarudi mashuani, na muziki ukaendelea njia nzima mpaka aliposhuka. Alifika nyumbani saa kumi na nusu alfajiri.

Nani alilipa? Alilipa Baron Kielmansegg, mtumishi mkubwa wa Mfalme. Kwa wapiga muziki peke yao alitoa pauni 150. Chukueni kalamu zenu mgawanye 150 kwa 50. Kama waligawana sawasawa, kila mmoja alipata pauni 3 kwa kazi ya usiku kucha.

Sasa mwaweza kuuliza: tumeyajuaje haya, na mashahidi wote wamekwisha kufa zamani? Tumeyajua kwa karatasi mbili. Ya kwanza ni gazeti la Daily Courant la 19 Julai 1717. Ya pili ni barua ya Friedrich Bonet, mjumbe wa nchi ya Prussia, aliyewaandikia wakuu wake. Bonet alikuwa na macho makali. Aliandika pia kwamba mwana wa Mfalme na mkewe hawakuwapo. Kabla mwaka haujaisha, baba alimfukuza mwanawe katika jumba la kifalme.

Iko na hadithi nyingine. Mwaka 1760, mwaka mmoja baada ya Handel kufa, John Mainwaring alitoa kitabu juu ya maisha yake. Humo alisema kwamba Handel alikuwa mtumishi wa George huko Hanover, akaomba ruhusa kwenda London, akakawia asirudi. Bwana wake alipokuwa Mfalme wa Uingereza, Handel akaogopa kuonana naye, na muziki wa mtoni ndio uliowapatanisha. Hadithi tamu, na hata leo watu huisimulia. Lakini tuipime. Mwaka uleule wa 1714, mara baada ya Mfalme kufika London, muziki wa Handel uliimbwa katika kanisa la Mfalme, naye Mfalme yupo. Mtu aliyekasirikiwa hapewi heshima ya namna hiyo. Basi utamu wa hadithi si ushahidi.

Jambo la mwisho. Gazeti lilitaja majina ya mabibi wakubwa waliokaa katika mashua ya Mfalme. Wale wapiga muziki 50 halikuwataja, wala wapiga makasia. Walikesha wakifanya kazi ile, lakini katika habari ile wao ni hesabu tu, na wapiga makasia si hata hesabu. Aliyeshika kalamu hakuwaona kuwa ni watu wa kuandikwa.

Ninyi sasa mwashika kalamu. Kazi ya juma hili ni hii: kumbukeni ngoma au arusi moja ya kwenu. Andikeni tarehe, mahali, na majina ya waliopiga, waliopika na waliochota maji. Mkiwa na shaka ya jina, mwulizeni mzee aliyekuwapo, maana mwakani huenda asiwepo wa kuulizwa.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.