Mshale na Deraya katika Vita vya Uingereza na Ufaransa

Swali la kama mshale uliweza kutoboa deraya limewashughulisha wanahistoria kwa muda mrefu. Wako waliodai kwamba upinde mrefu wa Waingereza ulitoboa kila vazi la chuma; wako pia waliodai kwamba haukumdhuru hata kidogo mpiganaji aliyelivaa. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya, kwa kuwa kutoboa si sawa na kushinda.

Nguvu za upinde huo hazina shaka. Pinde zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, nyingi zakadiriwa kuhitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100 kuzivuta. Hata hivyo, bamba la kifuani lililofuliwa kwa chuma kizuri liliweza kuuzuia mshale. Wapiganaji wenyewe waliyajua hayo. Huko Poitiers mwaka 1356, mishale ilipoteleza juu ya farasi waliokingwa mbele kwa chuma, wapiga mishale walihamishiwa ubavuni, wakalenga viungo vya nyuma visivyokingwa.

Aidha, penye uwazi hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Mwaka 1403, huko Shrewsbury, Henry, mrithi wa kiti cha Uingereza, alipigwa mshale usoni. Chembe ilizama mfupani, hata tabibu John Bradmore akaunda koleo maalumu ya kuitoa.

Kijana huyo ndiye aliyekuwa mfalme huko Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415. Siku hiyo farasi waliojeruhiwa waligeuka, wakawakanyaga Wafaransa waliokuwa wakija kwa miguu. Hawa nao, kwa kuyahofia matundu ya macho katika chapeo zao, waliinamisha vichwa, wakasongamana, wakakwama katika tope la shamba lililolimwa. Walipowafikia adui walikuwa wamekwisha nguvu. Ndipo wapiga mishale walipoweka pinde chini, wakawaendea kwa shoka, panga na nyundo.

Hivyo basi, mwandishi wa Kiswahili asemaye kwamba mshale uliishinda deraya hakukosea. Asemaye kwamba uliitoboa adaiwa ushahidi zaidi. Tena, ausifuye mshale peke yake huwasahau wengi waliofia topeni, ambao deraya zao hazikuwa na tundu lolote.