Jumamosi Wajerumani Walipopigana Getembe

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipigana mjini Kisii, mji tunaouita Getembe. Nilifundisha Kiswahili na historia kwa miaka 31 katika shule za sekondari za Nyamira, na kila nilipolitaja jambo hilo darasani mikono ilinyooshwa. Mwalimu, Wajerumani si walikuwa Tanganyika? Walitujua sisi wapi? Wanafunzi hawakuwa na kosa. Vita vya Majimaji walivisoma, Mkutano wa Berlin waliusoma, lakini Getembe hawakuisoma popote.

Sasa swali hilo limehamia nyumbani kwangu. Mjukuu wangu amehitimu uuguzi na hajapata kazi, hivyo anasoma Kijerumani mjini Kisii ili aende kufanya kazi Ujerumani. Jioni anakariri msamiati jikoni huku akichambua mboga za chinsaga. Siku moja alitamka "die Schule", na mama yake akauliza kama walimu wa Kijerumani siku hizi wanafundisha Kiswahili. Nikamwita aje akae karibu, nikamwambia kwamba neno hilo tumekuwa nalo kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba si hilo tu.

Waswahili wa zamani walikuwa na chuo, mahali pa kusomea Kurani. Wazanzibari, waliotawaliwa na Waingereza, wakachukua skuli. Shule ilitoka Bara, kwa Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali Tanga, kisha nyingine, wakafundisha kwa Kiswahili kwa sababu walihitaji makarani na maakida wa kuendesha koloni kubwa wasiloweza kulimudu kwa Wazungu peke yao. Na walipoigawa rupia kuwa vipande mia mwaka 1904, kipande kimoja kikaitwa Heller, ndiyo hela ya Watanzania hadi leo. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya vita walirithi na lugha iliyokwisha kuenea ofisini. Kiswahili sanifu kilipotengenezwa kuanzia 1930, shule ikaingia vitabuni, ikavuka mpaka, ikafika kwetu, Kebirigo na Keroka. Lakini nyumbani, kwa Ekegusii, tunasema esukuru, tulilolipata kwa Mwingereza. Kinywa cha mtoto mmoja wa Nyamira kimebeba Mjerumani na Mwingereza, na wote wawili wanamwita aende kusoma.

Wajerumani wenyewe walikujaje Getembe? Ramani inaeleza. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuchora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, pwani, hadi Ziwa Victoria, na pale ziwani mstari ukagota latitudo ya nyuzi moja kusini. Uliwakata Wakuria vipande viwili. Sisi Abagusii tukabaki kaskazini, jirani wa Mjerumani. Hata Kenya yenyewe Mjerumani alikuwamo kidogo: ndugu wawili wa ukoo wa Denhardt waliandikiana mkataba na Ahmed Simba, Sultani wa Witu, mwaka 1885, na bendera ya Ujerumani ikapepea kule nyuma ya Lamu mpaka 1890, Ujerumani ilipoiachia Uingereza.

Mzungu wa kwanza kututawala alikuwa Mwingereza, na hakututawala kwa upole. Majeshi yake yalikuja 1905, yakarudi 1908 baada ya Otenyo, mmoja wetu, kumchoma mkuki Bwana Northcote, ofisa wa wilaya. Moraa wa Ngiti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa unabii, ndiye aliyewachochea vijana wasikubali. Mauaji ya 1908 yalikuwa makubwa kiasi kwamba Churchill, aliyekuwa kijana katika Wizara ya Makoloni mjini London, alilalamika kwa simu ya maandishi. Ikaja kodi ya nyumba, ikaja kazi ya lazima barabarani. Mahali walipojenga ofisi zao watu walipaita Bosongo, kwa Wazungu. Misheni ya Kikatoliki ilifunguliwa Nyabururu 1911, na ya Wasabato Nyanchwa 1912, kilima kimoja tu kutoka mjini.

Vita vilipotangazwa Agosti 1914, maofisa wa Bosongo walifunga virago wakaondoka kuelekea ziwani, na wamisionari nao wakaondoka. Fikiria mtu aliyelipa kodi miaka sita kwa kuogopa bunduki, akaamka asubuhi akakuta ofisi haina mtu. Kutoka kusini, kupitia Karungu, kikosi cha Wajerumani kikapanda vilima vyetu kikiongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen: Wazungu wapatao hamsini, askari Waafrika zaidi ya mia mbili, wasaidizi wa Kisukuma, wapagazi, bombomu na mzinga mdogo. Waliingia mjini bila kuzuiwa. Waingereza walikuwa wameshusha askari wa KAR, jeshi lao la Waafrika, pale Kendu kwa meli, wakatembea kwa miguu kuja juu, na siku iliyofuata wakawashtukiza Wajerumani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kijana wa kuchunga. Alisema mlio wa bombomu, kwa mbali, ulikuwa kama wa maharagwe makavu yanayopurwa kwa fimbo, na kwamba ng'ombe waliinua vichwa wote pamoja. Mapigano yalichukua sehemu kubwa ya siku. Kapteni Thorneycroft, aliyewaongoza Waingereza, aliuawa. Kwa Wajerumani, Wazungu wao waliumia sana, na kwa jeshi lililotegemea maofisa wachache hilo lilikuwa pigo zito. Usiku pande zote mbili zilirudi nyuma, kila upande ukidhani umeshindwa, kisha Wajerumani wakashika njia ya kurudi mpakani. Ilikuwa siku ya Sabato, na kule Nyanchwa hapakuwa na wa kupiga kengele.

Watu wetu walifanya walichofanya. Waliingia Bosongo, wakachukua vilivyokuwa ofisini na madukani, wakapanda Nyanchwa na kuteremkia Nyabururu, wakapora misheni zote mbili. Nimesoma maandishi yanayoita jambo hilo wizi wa washenzi. Mimi naliita madai. Watu waliochukuliwa ng'ombe mwaka 1905 na tena 1908 waliona mlango uko wazi wakaingia. Waingereza waliporudi walichoma nyumba, wakaua watu, wakafukuza mifugo makundi kwa makundi, kisha wakaanza kuchukua vijana. Babu alipelekwa katika kikosi cha wapagazi, kile kilichoacha jina lake Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walibeba unga na risasi kumfuata Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, aliyekuwa akikimbia huku akipigana mpaka Msumbiji na Rhodesia, akasalimu amri 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Babu alirudi. Kaka yake hakurudi, na familia haikuambiwa alizikwa wapi. Yule aliyekwenda kupigana na Mjerumani hakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani.

Mjukuu wangu aliniuliza kama ingekuwa heri Wajerumani wangeshinda siku ile. Nilimkatalia mara moja. Miaka saba tu kabla, walikuwa wamemaliza kuizima Majimaji kwa kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikaua kusini mwa Tanganyika. Wanahistoria wanataja kuanzia watu 75,000 hadi 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, mbele ya wazao wa Chifu Songea Mbano, akaomba msamaha. Nilimsikiliza redioni nikiwa nimesimama. Nchi inayoweza kutuma rais wake kusema maneno yale inastahili kusikilizwa, ingawa maneno hayarudishi mtu.

Na ni nchi gani hasa? Nilimwambia mjukuu aanze na umri. Wajerumani ni wa kale, lakini Ujerumani kama dola moja iliundwa mwaka 1871, vijifalme vingi vilipounganishwa chini ya Prussia na Bismarck. Walipokuja Getembe dola yao ilikuwa na miaka 43, changa kuliko Kenya ilivyo leo. Baada ya vita vya pili, vile vya Hitler na mauaji ya Wayahudi milioni sita, nchi iligawanywa, na ikaungana tena 3 Oktoba 1990. Leo ina majimbo 16, kila moja na serikali yake inayosimamia shule zake, jambo ambalo sisi wa magatuzi tunaweza kulielewa upesi.

Mengine aliyoyaogopa yeye, mimi naona tuliyazoea zamani. Analalamika kwamba Kijerumani kina "wewe" mbili, du ya rafiki na mtoto, na Sie ya mtu usiyemzoea au unayemheshimu. Nikamwuliza, na chinsoni ni nini? Mgusii alifundishwa tangu utotoni kwamba yapo maneno ambayo huyatamki mbele ya kizazi cha baba yako, na nyumba ambayo huingii ovyo. Aliyelelewa kwa chinsoni hashindwi na Sie. Analalamika kwamba Jumapili maduka hufungwa. Hapa kwetu, kwenye vijiji vya Wasabato, nani amesahau Jumamosi palipo kimya hata shoka halisikiki? Kule kimya hicho ni cha Jumapili, na katiba yao yenyewe inakilinda. Chakula cha jioni ndicho kitakachomsumbua: wengi wao jioni hula mkate baridi kwa jibini, na mtoto wa obokima, ugali wetu, atalala akihisi hajala.

Lakini ninalotaka alielewe zaidi ni jinsi wanavyofundisha kazi. Vijana wetu wote wamelishika neno Ausbildung, wakidhani ni jina la viza. Ni mafunzo, kwa kawaida miaka miwili hadi mitatu na nusu: siku kadhaa darasani, siku nyingine kazini chini ya fundi aliyefuzu, huku ukilipwa. Wazo lenyewe limetoka kwenye vyama vya mafundi vya miji yao ya zamani, ambako kijana aliishi kwa bwana wake akijifunza useremala au uokaji. Wachonga mawe wetu wa Tabaka hufundisha hivyo hivyo, mtoto akipiga msasa kwanza kabla ya kushika patasi.

Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa ajira na uhamaji. Vita vya Getembe vilikuwa vimetimiza miaka 110 na siku moja. Tangu hapo mawakala wamejaa. Jirani yangu aliuza ng'ombe wawili, akampa wakala mmoja pesa za viza ya mwanawe, na simu ya mtu huyo haikupatikana tena. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu ng'ombe wa familia hiyo waliwahi kwenda hivi hivi. Sheria ya mwenye akili ni fupi: lugha kwanza, kwa mwalimu anayejulikana, mpaka mtihani wa kiwango cha B2 kwa muuguzi, mkataba wa kazi mkononi, umesomwa na mtu mwingine, ndipo fedha zitoke.

Kwako wewe kijana wa Bobasi, wa Kitutu, wa Mugirango, unayejiandaa kwenda: nenda, ukafanye kazi, urudi ukiwa fundi. Ila kabla ya siku ya ndege, mtembelee mzee wa ukoo wenu, umwulize ng'ombe wenu walikwenda wapi mwaka 1914, na nani alibeba mzigo asirudi. Andika majibu yake katika daftari lile lile la Kijerumani, ulibebe.