Soko la Kariakoo: zege linalojua liko wapi

Wadau, hapa Pongwe kiwanda cha saruji tunacho mlangoni, lakini nyumba zetu mpya nyingi ni tanuri: bati tupu, madirisha madogo, hewa haipiti. Ndo maana leo nawaletea habari za Beda Amuli, msanifu majengo wa Kitanzania aliyesomea Haifa, Israeli, na ndiye aliyechora Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975.

Amuli alitumia zege, kitu cha kisasa kabisa, ila wazo alilitoa kwenye magulio yetu, ambako watu huuza kivulini. Paa akalifanya miavuli mikubwa ya zege iliyopinduka, kila mmoja na nguzo yake. Maji ya mvua yanakusanyika humo, yanashuka hadi kwenye tangi chini ya ardhi. Pembeni akaacha wazi, upepo upite, joto litoke.

Julai 2021 moto uliliunguza, likaingia kwenye ukarabati. Funzo halikuungua: kabla hujamwaga zege, jiulize upepo wa bahari unatokea wapi na jua la jioni linapiga ukuta upi. Hilo halihitaji saruji ya ziada. Mnasemaje wadau?