Kumbukumbu za Mabaharia na Dhamiri Mbele ya Shehena



Kuna historia iliyoandikwa na watawala, na kuna historia iliyobaki vifuani mwa wale waliofanya kazi. Wazee waliotumika zamani katika meli za biashara za Afrika ya Magharibi, wawe wa Liverpool, wa Anvers, wa Freetown au wa Matadi, wakikumbushana ujana wao hurudia mambo yale yale: harufu ya mawese iliyoshika nguo, magogo makubwa yaliyoelea mitoni yakingoja kuinuliwa, joto la chumba cha mashine, na furaha ya kuona taa za bandari baada ya siku nyingi za maji matupu. Tumeona vema kutafakari kumbukumbu hizo, kwa maana sisi tunaoishi mbali na pwani husahau upesi jinsi nchi yetu ilivyofungamanishwa na bahari ile.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1852 kampuni ya Macgregor Laird ilianza kupeleka meli za moshi kwa ratiba kati ya Uingereza na Afrika ya Magharibi. Baadaye kampuni ya Elder Dempster ya Liverpool ikawa na nguvu kuliko zote pwani ile. Mwaka 1895 ilianzishwa kampuni ya meli ya kuunganisha Anvers na Kongo, ambayo tangu 1930 imejulikana kwa jina la Compagnie Maritime Belge. Meli zake ziliingia mto wetu mkubwa, zikapita Banana na Boma, zikafika Matadi. Kutoka hapo maporomoko ya maji huzuia meli, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kwenda Léopoldville, iliyokamilika mwaka 1898 kwa gharama ya maisha ya wafanyakazi wengi.

Bandari nyingi za pwani ile hazikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali, na mizigo na abiria wakashushwa katika mashua zilizopigwa makasia kati ya mawimbi makali. Accra ilikuwa hivyo mpaka bandari ya Tema ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mabingwa wa kazi hiyo walikuwa Wakru, watu wa pwani ya Liberia, ambao wengi wao walikaa pia Freetown. Meli iliyotoka Ulaya ilisimama huko kuwachukua, wakiongozwa na mkubwa wao. Wakapakia na kupakua bandari baada ya bandari, kisha wakarudishwa kwao safari ilipokwisha. Pasipo mikono yao biashara ile isingalikuwapo. Hata hivyo, katika masimulizi mengi ya maofisa, nahodha ana jina, meli ina jina, lakini Mkru ni Mkru tu.

Hapo ndipo tafakari yetu inapoanza. Kumbukumbu ya mwanadamu ni zawadi ya Mungu, lakini huchagua. Aliyelala katika chumba chenye dirisha hakumbuki safari ile ile anayoikumbuka aliyelala juu ya sitaha au aliyetia makaa ya mawe katika tanuru. Mabaharia Wakongo waliosafiri kati ya Matadi na Anvers walipewa kazi nzito na ujira mdogo kuliko wa Wazungu waliofanya kazi kama zao. Na huko Liverpool, mwezi wa sita 1919, vita vikiwa vimekwisha na kazi zikiwa haba, makundi ya watu yaliwashambulia mabaharia weusi waliokuwa wameitumikia Uingereza. Kijana baharia Charles Wootton alifukuzwa mpaka gatini, akafa majini. Basi tusiwasikilize wazee kwa haraka, wala tusimsikilize mmoja tu.

Jambo la pili ni shehena. Miaka ya mwisho ya karne ya 19, karani mmoja wa Elder Dempster, Edmund Dene Morel, alitumwa mara kwa mara Anvers kwa ajili ya hesabu za meli za Kongo. Hakuwa mpelelezi wala mwanasiasa. Alitazama tu kilichoshuka na kilichopanda. Zilishuka tani za mpira na pembe za ndovu. Zilipanda bunduki na risasi, na bidhaa za biashara zilikuwa kidogo mno. Akajiuliza: ikiwa watu wa Kongo hawapelekewi kitu cha kubadilishana, mpira huu unalipwa kwa nini? Jibu lilikuwa moja: kwa nguvu. Aliacha kazi mwaka 1901, na mwaka 1904 akashiriki kuanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold wa Pili alilazimika kuikabidhi nchi kwa serikali ya Ubelgiji. Kazi ya kulazimishwa haikwisha siku hiyo, lakini uongo mkubwa ulikuwa umevuliwa nguo. Mamia ya watu walikuwa wameiona shehena ile ile kabla yake. Yeye alisoma daftari kwa dhamiri.

Si kila mara aliyepo gatini anaweza kujua. Mwaka 1940 tani zipatazo 1,200 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, hapa kwetu Katanga, zilisafirishwa hadi New York. Baharia aliyesaidia kuzivusha Atlantiki hakuwa na njia ya kujua kwamba urani ya Kongo ingetumika katika bomu lililoangamiza Hiroshima miaka mitano baadaye. Hatumhukumu. Lakini sisi tunaojua hatuwezi kusema kwamba hatukuona.

Usiku wa kuamkia Noeli ya mwaka 1944, meli Léopoldville, iliyozoea safari za Anvers na Matadi, ilikuwa ikivusha askari wa Marekani zaidi ya 2,200 kwenda Cherbourg. Ilipigwa na manowari ya Kijerumani karibu kabisa na bandari. Walikufa askari 760 na zaidi, na pamoja nao nahodha na Wakongo kadhaa wa meli. Katika masimulizi ya askari walionusurika, mabaharia wanalaumiwa kwamba walitangulia kushuka katika mashua. Pengine lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini nani kwetu anayewaombea Wakongo wale waliokufa?

Tunaposoma Matendo ya Mitume, sura ya 27, tunakuta tukio linalofanana na hilo. Mtume Paulo yumo melini akiwa mfungwa, dhoruba inawapiga, mabaharia wanataka kutoroka kwa mashua, askari wanafikiri kuwaua wafungwa. Luka anasimulia akitumia neno “sisi”, wala hafichi woga wa mtu yeyote. Lakini anawahesabu wote waliokuwamo, watu 276, mfungwa na nahodha katika hesabu moja, na wote wanafika nchi kavu. Hiyo ndiyo namna ya kikristu ya kukumbuka: kusema ukweli wote, na kutomwacha mtu nje ya hesabu.

Kanisa limejaribu kuishi hivyo pwani. Mwaka 1920, huko Glasgow, walei wachache walianzisha Utume wa Bahari, wakitembelea meli na kuwapokea mabaharia, na Baba Mtakatifu Pius XI akaubariki mwaka 1922. Hawakungoja amri. Waliona watu waliokaa miezi mingi bila Misa, bila barua, bila mtu wa kuwaita kwa jina, wakaenda. Leo utume huo unajulikana kwa jina la Stella Maris, Nyota ya Bahari, jina la Mama yetu Bikira Maria.

Siku hizi makontena yamefunga shehena machoni petu, na meli hazikai bandarini hata baharia apate rafiki. Lakini magari ya shaba na kobalti yanapita barabarani mwetu kila siku yakielekea bahari za wengine. Ndugu, tuna kazi mbili. Ya kwanza: katika mashirika yetu tuwatafute wazee waliofanya kazi bandarini, relini, mtoni na ziwani, tuwasikilize na kuandika majina yao na ya wenzao, kabla hawajaenda nayo. Ya pili: kila mmoja wetu aliye karani, mpimaji, dereva au afisa wa forodha ajiulize kama Morel: kinachotoka ni nini, kinachorudi ni nini, na tofauti yake inalipwa na nani? Swali hilo halihitaji cheo. Lahitaji macho yaliyofunguliwa na Injili, na moyo ulio tayari kupoteza kazi kuliko kupoteza ukweli.

Nyota ya Bahari, utuombee, pamoja na wote waliolala katika maji.